Kuotesha stroberi uani, Unguja na Pemba: anza na maji

Stroberi ni mmea wa baridi na visiwa vyetu ni vya joto. Hilo tulikubali kabla ya kununua hata mche mmoja. Bara hulimwa nyanda za juu, Lushoto, Arusha, Mbeya, ambako usiku unapoa kikweli. Mmea huu hufurahia usiku wa nyuzi 10 hadi 15. Kwetu hata kipupwe kikikaza, Julai na Agosti, alfajiri huwa nyuzi 21 au 22 hivi, na kaskazi ikishika joto la mchana linapita 30. Ukizidi hapo mche huacha kutoa maua, unabaki kutoa majani na kutambaa.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa vyungu 10 au 12 uani au barazani, matunda ya watoto na ya kupamba faluda. Anayefikiria kuuzia hoteli atafute zao jingine. Lakini kwa nyumba, naamini kwa dhati kwamba kazi hii inalipa. Stroberi ikishachumwa haiendelei kuiva utamu, na ile iliyosafirishwa kutoka mbali aghalabu imechumwa mapema ili isipondeke njiani. Iliyoivia kwenye shina lake, ikaliwa pale pale, ni tunda jingine kabisa.

Na miche mingi inayokufa hapa naona inasingiziwa joto. Kinachoiua kwanza ni chumvi na chokaa, vyote viwili vikipitia kwenye maji ya kumwagilia. Ndiyo maana naanzia huko, na huko nitakaa kidogo.

Maji kwanza

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile linalochomwa kupata chokaa ya kujengea. Maji ya kisima yanapita ndani ya mwamba huo na kubeba chokaa yake. Tazama ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe ulioganda ndio unaoumwagilia mche kila siku. Udongo unapojaa chokaa, chuma kilichomo hakiyeyuki tena na mizizi haiwezi kukinyonya. Stroberi inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5. Ikikosa chuma, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona hivyo, usiongeze mbolea. Tengeneza maji.

Chumvi ni mbaya zaidi. Stroberi ni miongoni mwa mimea ya bustani isiyovumilia chumvi hata kidogo. Vijiji vya pwani visima vingi vina maji ya ukakasi, na sisi tumezoea kuyatumia kwa mchicha na mnazi bila tatizo. Mche wa stroberi utaonyesha ncha za majani zilizoungua, rangi ya kahawia inayoanzia ukingoni na kuingia ndani, kisha utanyauka hata kama chungu kimeloa. Yaonje maji yako. Ukihisi chumvi ulimini, hayafai.

Dawa yake ni mvua, na masika inatupa nyingi. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Kibaraza chenye bati la mita 4 kwa 5 kinakinga karibu lita 600 kwa mvua ya milimita 30. Chungu kimoja kinakunywa kama nusu lita kwa siku, hivyo vyungu 12 ni lita 6, na kwa siku 100 za msimu ni lita 600. Tangi moja la lita 1,000 linatosha na kubakisha.

Funga mfereji wa paa kabla ya Machi kwisha. Mvua za mwanzo ziache zimwagike, hasa kama unakaa karibu na bahari, kwa sababu zinaosha vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyogandia bati. Mdomo wa tangi ufunge kwa wavu wa mbu. Maji yaliyotuama uani ni mazalio yao, na dengue hatuitaki.

Kama huna tangi na maji ya bomba ndiyo pekee, basi walau yasiwe ya chumvi. Ya chokaa unaweza kuyapunguza makali kwa kijiko kimoja cha chai cha siki nyeupe katika lita 5, mara moja kwa wiki. Haiponyi kila kitu, ila husaidia.

Udongo, na vitu vitatu vya kuacha

Acha mchanga wa pwani. Ule weupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa tupu, tena na chumvi juu yake. Acha majivu ya jikoni, ambayo watu wengi wanayatia kila chungu kwa mazoea: yanaondoa uchachu ambao stroberi inautaka. Maganda ya mayai nayo vivyo hivyo, yapeleke kwingine.

Chukua udongo mwekundu wa kinongo kutoka shamba, upande wa kati au magharibi ya Unguja. Pemba una bahati zaidi, sehemu kubwa ya kisiwa ina udongo wa kina. Kabla ya kuutumia, weka kiganja cha udongo mkavu kwenye kisahani na udondoshee siki. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa, tafuta mwingine. Ukinyamaza, endelea.

Mchanganyiko ninaoupendekeza:

- ndoo 2 za kinongo
- ndoo 2 za mboji au samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi 3 au zaidi mpaka haina harufu
- ndoo 1 ya vumbi la makumbi ya nazi

Mbolea ya kuku iwe ya kunyunyiza tu, na iwe imeoza. Ikizidi inaunguza mizizi.

Kuhusu makumbi kuna jambo ambalo miongozo ya bara haitakwambia. Makumbi yanayotengenezewa kamba hufukiwa pwani, kwenye matope ya bahari, kwa miezi. Vumbi linalobaki baada ya kupigwa ni laini na zuri kwa macho, lakini limeshiba chumvi. Ama tafuta makumbi ya shamba ambayo hayajaenda baharini, ama lile la pwani liloweke kwenye maji ya mvua, limwage, rudia mara 4 au 5 mpaka maji ya mwisho ukiyaonja hayana chumvi. Mwani wa kutandazia juu ya udongo, ambao kwa mimea mingine ni mbolea nzuri, hapa uache kabisa.

Chungu na mahali pa kukiweka

Chungu cha udongo wa kufinyangwa kinashinda ndoo ya plastiki. Kinapumua, maji yanatoka taratibu kupitia ubavuni, na yakikauka yanapoza mizizi. Chenye upana na kina cha sentimita 25 kinabeba mche mmoja kwa raha. Ukitumia ndoo au dumu la mafuta lililokatwa, lipake rangi nyeupe nje na toboa matundu chini, 5 au 6 ya ukubwa wa kidole. Mifuko myeusi ya miche isiwe makao ya kudumu. Jua la saa 8 mchana linaipika mizizi ndani yake.

Mahali: jua la asubuhi hadi saa 5, halafu kivuli. Ukuta wa mashariki wa nyumba unatoa hilo bila gharama. Kama ua wako uko wazi, simamisha makuti ya kumba upande wa magharibi, au tandika wavu wa kivuli juu kwa kimo cha mita 2 ili upepo upite chini yake. Sakafu ya saruji inayopigwa na jua hurudisha joto hadi usiku, basi nyanyua vyungu juu ya mbao au matofali.

Upepo nao una usemi. Msimu wa stroberi ndio msimu wa kusi, na upande wa mashariki na kusini, kuanzia Makunduchi na Jambiani hadi Michamvi, kusi huja na rasharasha za bahari. Huko vyungu vikae nyuma ya ukuta, visitazamane na bahari hata kama ndipo palipo na mandhari nzuri. Mjini na Pemba ya ndani tatizo hili ni dogo.

Kupata miche

Usianze na mbegu. Mbegu ulizokwangua kwenye tunda la dukani zitaota, lakini stroberi za kisasa ni machotara na mtoto hafanani na mama. Utalea nusu mwaka kwa tunda usilolijua. Zile picha za stroberi za buluu zinazozunguka mitandaoni pamoja na pakiti za mbegu ni uongo mtupu. Hakuna stroberi ya buluu duniani.

Agiza miche kwa mkulima wa bara. Uliza jina la aina. Kuna zinazotegemea urefu wa mchana ili zitoe maua, kama Chandler na Camarosa, na kuna zisizojali, kama Albion na San Andreas. Zote nne zimezalishwa California. Kwetu, karibu na ikweta, mchana mfupi na mchana mrefu wa mwaka hupishana kwa chini ya saa nzima, kwa hiyo urefu wa mchana si kikwazo chetu hata kidogo. Kikwazo ni joto. Ningechagua Albion au San Andreas, na kama zipo zote, nusu kwa nusu, uone ipi inakubali ua wako.

Mwambie atume miche isiyo na udongo, mizizi imefungwa kwa gazeti lenye unyevu, ndani ya boksi lenye matundu. Udongo wa kigeni ndio unaosafirisha minyoo na magonjwa ya mizizi. Mimea inayoingia Zanzibar hukaguliwa, basi wasiliana na maofisa wa ulinzi wa mimea kabla boksi halijapanda boti Dar es Salaam, wakueleze kibali kinachotakiwa.

Wakati wa kupokea: mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Mvua bado inanyesha, lakini miche itakaa chini ya paa. Ikishika mizizi vizuri, kipupwe kinaikuta tayari. Ukingoja Julai ndipo uagize, utakuwa unaangalia maua Oktoba, joto limesharudi.

Kupanda

Miche ikifika, iweke mizizi ndani ya maji ya mvua kwa saa moja. Kata mizizi iliyooza na majani makavu. Fanya kichuguu kidogo katikati ya chungu, kalisha mche juu yake, tawanya mizizi kuteremka pande zote, kisha jaza udongo.

Hapa pana kosa linaloua miche mingi. Kuna sehemu fupi nene kati ya mizizi na majani, ambamo majani mapya huchomoza. Tuiite moyo wa mche. Moyo ukifukiwa unaoza ndani ya siku chache. Ukiachwa juu sana, mizizi ya pembeni inakauka. Uso wa udongo uwe sawasawa na kiuno cha moyo huo. Ukishamwagilia udongo utashuka, basi rudi kesho yake uangalie tena.

Siku 10 za mwanzo miche ikae kivulini kabisa. Baadaye isogeze jua la asubuhi taratibu. Tandaza majani makavu au pumba za mpunga juu ya udongo, unene wa vidole viwili, lakini usifunike moyo.

Miezi ya malezi

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, kamwe si juu ya majani. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole: kikitoka na unyevu, acha mpaka jioni uangalie tena. Kusi hukausha vyungu haraka kuliko unavyodhani, hata siku za mawingu.

Mbolea kidogo kidogo. Loweka viganja 3 vya mboji ndani ya ndoo ya maji usiku mmoja, chuja, mpe kila mche kikombe kila baada ya wiki 2. Majani makubwa ya kijani kibichi bila ua hata moja ni dalili ya mbolea kuzidi.

Mche utaanza kutoa mikono mirefu inayotambaa kama marando ya viazi vitamu. Ikate yote msimu huu, isipokuwa utakayohitaji mwishoni. Kila mkono unakula nguvu ya tunda. Maua nayo yakichomoza kabla mche haujafika majani 5, yatoe. Zaidi ya hapo yaache. Miongozo ya nchi za baridi husema uyatoe kwa miezi, lakini kipupwe chetu ni kifupi na hatuna miezi ya kupoteza.

Ua kuwa tunda

Vile vijipunje vya nje vya stroberi ndivyo matunda yenyewe kwa elimu ya mimea, na kila kimoja kinachopata chavua huvimbisha nyama iliyo chini yake. Kisichopata huacha shimo. Ndiyo sababu ya zile stroberi zilizokunjamana upande mmoja: hazikuugua, zilikosa nyuki.

Barazani nyuki hawafiki sana. Chukua brashi laini ya rangi, na baina ya saa 3 na saa 5 asubuhi zungusha kwa wepesi juu ya kila ua, katikati kisha pembeni, ukitoka ua moja kwenda jingine. Rudia siku 2 au 3 kwa ua lile lile. Wape watoto kazi hii. Mikono yao ni myepesi na wataanza kuhesabu matunda kabla yako.

Toka ua hadi tunda jekundu ni wiki 3 hadi 4. Kwa joto letu huelekea kwenye 3, na kuiva haraka huko kunalifanya tunda kuwa dogo. Usivunjike moyo kwa ukubwa.

Wanaokuja kula kabla yako

Kunguru kwanza. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na kitu chekundu hakiwapiti. Wavu kuukuu wa dagaa ni kinga bora kuliko yoyote ya dukani. Uloweke na uusuuze mara kadhaa kwanza chumvi itoke, kisha uutandaze juu ya fito, usigusane na matunda. Matundu yake ni madogo, nyuki hawapiti, hivyo uufunue asubuhi wakati wa maua.

Konokono hutoka usiku. Waokote kwa tochi. Sisimizi wakipanda chungu angalia chini ya majani, mara nyingi wanachunga vidukari. Weka miguu ya meza ya vyungu ndani ya makopo yenye maji, ukiyabadilisha kila siku 3, na vidukari wapanguse kwa maji ya sabuni kidogo. Utitiri mwekundu huja kukiwa kukavu. Majani yanapata vidoa vyeupe na utando mwembamba chini yake. Maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini, yakipuliziwa upande wa chini wa jani jioni, hupunguza.

Ukungu ndio adui mzito kwa unyevu wetu. Ule wa kijivu hufunika tunda kwa manyoya. Chule, ukungu mwingine, huleta madoa meusi yaliyobonyea. Vyote viwili vinapenda majani yaliyoloa na vyungu vilivyobanana. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche, toa mara moja tunda au jani lenye dalili, na usilitupe kwenye mboji. Mche ulionyauka ghafla, ukiukata moyo wake ukaukuta mwekundu au wa kahawia ndani, ung'oe pamoja na udongo wake wote.

Kuchuma

Asubuhi, umande ukishakauka. Ngoja wekundu ufike mpaka chini ya vijani vya juu. Mabega meupe maana yake bado. Kata kikonyo kwa mkasi au ukucha, usilivute tunda. Usilioshe mpaka wakati wa kula. Vyungu 12 vitakupa viganja viwili vitatu kwa wiki miezi ikiwa mizuri, Agosti na Septemba hasa. Anayetaka tunda laini la kujaza ungo bila masharti yote haya apande mforosadi: tawi moja ardhini masika ikianza, basi.

Kuivusha kaskazi

Oktoba, maua yakipungua, iache mikono miwili kwa kila mche uliozaa vizuri. Kila mmoja una kijiche njiani. Kikalishe juu ya kichungu kidogo chenye udongo ule ule, kibane kwa jiwe au kijiti, na baada ya wiki 4 hadi 6 kikiwa na mizizi kikate kwa mama. Hawa watoto ndio msimu wako ujao. Mama akishazaa misimu miwili huchoka, na hapa kwetu mara nyingi msimu mmoja humtosha.

Kuanzia Desemba hadi masika ianze lengo ni uhai tu. Punguza majani ya zamani, toa kila ua, acha mbolea kabisa, na weka vyungu mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani: chini ya mwembe, ukumbi unaopitisha upepo, karibu na mtungi wa maji. Mwagilia mara mbili kwa siku kidogo kidogo, kwa maji ya mvua za vuli uliyoyaweka akiba. Wengine watakufa Februari. Machi mawingu yakianza kukusanyika, safisha mfereji wa paa, badilisha nusu ya udongo wa juu kwa mboji mpya, na uvirudishe vyungu barazani kabla mvua kubwa haijaanza kuvipiga.